Mtafsiri wa Kibanda cha Video: Fanani Tuliyempuuza

Katika semina zetu za fasihi simulizi tumezoea kumtafuta fanani chini ya mti au kando ya moto. Safari hii tunawaomba wasomaji wamtafute kwenye kibanda cha video, ile sinema ya mtaani ambayo Mbarara na miji mingine ya Uganda inaipoteza.

Vibanda vilienea baada ya mwaka 1986. Biashara ya majumba makubwa ya sinema ilikuwa imedhoofika tangu Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, hivyo mwenye deki, televisheni, jenereta na mabenchi machache aliweza kufungua ukumbi wake. Filamu zilitoka Marekani, India na Hong Kong. Watazamaji wengi hawakufuata Kiingereza chake, seuze Kikantoni. Ndipo akaingia mtafsiri na kipaza sauti chake, ambaye Waganda humwita vijei.

Jina la mtafsiri halimtoshi. Alifupisha mazungumzo, akamkemea jambazi, akawapa wahusika majina ya kwetu, na hadhira ilipomjibu alijibizana nayo. Huo ndio ufaraguzi tunaoufundisha darasani kila muhula. (Sinema za kutembezwa za wakoloni nazo zilikuwa na mfasiri wake kando ya pazia.) Dosari alikuwa nazo: kimya kilimtisha, na msiba wa mhusika ungeweza kuishia kuwa kichekesho.

Wengi husema simu na diski za bei rahisi ndizo zilizomwondoa. Sisi tunaona mambo yaliharibika mapema zaidi, pale sauti yake iliporekodiwa juu ya mkanda ikauzwa. Tangu hapo hakuwaona tena aliowasimulia. Kampala, ambako Kiganda kinaeleweka na karibu kila mtu, hasara haikuonekana sana. Lakini tuchukue Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali huishi pamoja, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao sokoni. Diski ya Kiganda haiwezi kubadili lugha kwa kuwa Mkongo wa benchi la mbele hakucheka. Fanani aliye hai angeweza.

Zipo diski za Kiswahili: za Lufufu wa Tanzania, na za DJ Afro wa Kenya. Tunazithamini, hasa katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilikihusisha Kiswahili na askari, hata baada ya katiba kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hata hivyo Kiswahili chake ni cha mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, na utani wake mwingi humpita msikilizaji aliyekulia Kivu.

Diski hizo wanafunzi wetu wanaweza kuzipata. Majibu ya hadhira hayamo ndani yake. Waliokaa kwenye mabenchi yale bado wapo, Mbarara na Nakivale, na anayetafuta mada ya tasnifu mwaka huu angeanza kwa kuwauliza walikuwa wakimjibu nini vijei wao, na kwa lugha gani.