Jicho Linalotazamwa: Falsafa na Uchoraji katika Renaisansi

Aghalabu wahakiki hudai kuwa Renaisansi ya Ulaya ililifanya jicho la binadamu kuwa bwana wa ulimwengu. Ushahidi wao ni perspektivu, yaani kanuni ya kuonyesha kina na umbali juu ya ubapa wa picha. Makala haya yanashikilia kuwa dai hilo ni nusu ya ukweli.

Chimbuko la dai hilo ni kitabu cha Leon Battista Alberti kuhusu uchoraji, cha mwaka 1435. Alberti anaifananisha picha na dirisha lililo wazi; miale ya kuonea inaunda piramidi ambayo kilele chake kimo jichoni. Hata hivyo, iwapo miale hiyo hutoka jichoni au huingia, Alberti haamui. Ibn al-Haytham alikuwa ameamua katika karne ya 11: nuru ndiyo huingia. Jicho basi ni mpokeaji kabla ya kuwa bwana.

Mnamo 1453 mwanafalsafa Nicolaus wa Cusa aliwapelekea watawa wa Tegernsee kitabu juu ya kuona kwa Mungu, pamoja na picha ya uso ambao macho yake humwandama kila mtazamaji. Mtawa mmoja atembee kutoka mashariki, mwingine kutoka magharibi. Kila mmoja ataona kuwa anatazamwa yeye. Kwamba mwenzake naye anatazamwa, atalijua kwa kuambiwa tu. Hapa macho yanakamilishwa na ushuhuda wa mwingine.

Hans Holbein alilirejelea suala hili kwa brashi mwaka 1533. Katika Mabalozi, picha iliyoko London, Wafaransa wawili wamesimama kando ya ala za kupimia anga na wakati. Miguuni pao pana umbo lisilotambulika. Mtazamaji akisogea pembeni, umbo hilo linakuwa fuvu, na papo hapo sura za mabalozi zinapindika. Kanuni ya perspektivu yenyewe ndiyo inayotuambia kwamba hakuna mahali pamoja panapoonyesha yote.

Kwa wanaofunza riwaya, funzo hili ni zito. Tunapouita msimamo wa msimulizi "mtazamo", tumeazima lugha ya macho. Mhakiki anayetafuta mtazamo mmoja wa matini, kisha akaihukumu kwa huo, amesimama mbele ya Holbein bila kusogea. Fuvu limo pichani, yeye halioni.