Tashtiti Inayomwacha Mtazamaji Salama

Katika American Dreamz (2006), filamu iliyoandikwa na kuongozwa na Paul Weitz, rais wa Marekani anaamka asubuhi baada ya kuchaguliwa tena na kuamua kusoma gazeti, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka minne. Anachokisoma kinamtikisa. Anajifungia chumbani, na umaarufu wake unaporomoka. Mkuu wa utumishi wa Ikulu anampachika kifaa cha sauti sikioni, anamnong'oneza maneno ya kusema, kisha anampeleka kuwa jaji mwalikwa katika fainali ya shindano la uimbaji la runinga. Miongoni mwa washindani yumo kijana aliyeagizwa kumuua kwa bomu.

Walengwa wanatambulika mara moja. Dennis Quaid, mzaliwa wa Houston, anamwiga George W. Bush, mwanasiasa wa Texas aliyewahi kuwa mmoja wa wamiliki wa timu ya besiboli ya Texas Rangers kule Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Kifaa cha sikioni kinakumbusha uvumi ulioenea baada ya mdahalo wa kwanza wa urais wa 2004, watu walipoona uvimbe mgongoni mwa koti la Bush. Shindano lenyewe ni mwigo wa American Idol, ambalo mshindi wake wa kwanza, mwaka 2002, alikuwa Kelly Clarkson, mzaliwa wa Fort Worth aliyekulia katika mji jirani wa Burleson.

Hata hivyo, tashtiti haipimwi kwa wingi wa sura zinazotambulika. Udhaifu wa filamu hii ni kwamba inamfanya kila anayedanganywa kuwa mjinga. Rais ni mjinga, wapiga kura wa shindano ni wajinga, hata magaidi ni wajinga. Mtu aliyeketi ukumbini anawacheka wote, na kwa kuwa hajioni miongoni mwao, anatoka akiamini kwamba yeye hadanganyiki. Hapo filamu imemfanyia kazi mdanganyifu, kwani hakuna windo jepesi kama mtu anayejiona mjanja.

Historia ya miji hiyohiyo ya Texas inaikanusha dhana hiyo. Mwaka 1998 kampuni ya Enron ya Houston iliandaa katika makao yake chumba cha biashara cha maigizo, wafanyakazi wakajifanya wanazungumza na wateja kwa simu, ili kuwavutia wachambuzi wa masoko ya fedha waliokuja kuitembelea. Waliooneshwa mchezo ule walikuwa wataalamu wa kusoma hesabu. Mwishoni mwa 2001 kampuni ikafilisika. Clarkson naye alikuwa na sauti ya kweli, na waliompigia kura hawakukosea kumpenda. Runinga iliuza matangazo kwa mgongo wa kipaji halisi. Hila inayojengwa juu ya kitu cha kweli ni ngumu kuitambua, na Weitz, ambaye washindani wake wengi ni vikaragosi, hakuigusa.

Kosa kubwa zaidi limo katika lile gazeti la asubuhi. Filamu inachukulia kwamba ukweli ulikwisha kuchapishwa, ukimsubiri rais afunue ukurasa. Lakini kabla ya vita vya Iraq vya 2003, magazeti makubwa yalichapisha madai ya serikali kuhusu silaha za maangamizi; mwezi Mei 2004 wahariri wa New York Times walikiri kwamba baadhi ya habari zao hazikuchunguzwa inavyopasa. Waandishi wa kampuni ya Knight Ridder, Jonathan Landay na Warren Strobel, waliyatilia shaka madai hayo, na Star-Telegram la Fort Worth lilikuwa moja ya magazeti ya kampuni hiyo. Tashtiti ingeanzia hapo: kwa nini sauti moja ilivuma na nyingine ikafifia, na nani alinufaika? Weitz anaikejeli runinga na kuyapa magazeti heshima ambayo hayakuistahili.

Msomaji wa Kusadikika ya Shaaban Robert anaijua njia nyingine. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na waziri Majivuno anasimama barazani kumshtaki. Majivuno hakuumbwa mjinga. Anasema kwa ufasaha, na msomaji anajionea jinsi hoja mbovu inavyovalishwa joho la sheria. Uovu una jina, una cheo, na unajua unachokitaka.

Rais wa Weitz hajui anachokitaka. Hakusoma, hakujua, aliambiwa. Filamu ilipofika kumbini mwezi Aprili 2006, vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne na maiti walikuwa wakiendelea kuzikwa. Kwa wakati kama ule, filamu iliyodai kumshtaki mtawala ilimtungia utetezi ambao wakili wake mwenyewe angeupokea kwa shukrani.