Ngama Tupu

Sisi watu wa Handeni na Korogwe si watu wa bahari. Handeni nilikozaliwa, hata maji ya kunywa ni ya kuhangaikia; na Korogwe ninakoishi, maji makubwa tuyajuayo ni ya mto Pangani, ambayo hutupita tu yakielekea pwani. Ndiyo maana wenzangu walinicheka niliposema kuwa napanda basi kwenda kutazama makumbusho ya bahari. Mji wenyewe sitautaja, kwani nia yangu ni kuipima kazi, si kumwumbua aliyeifanya.

Ni nyumba ndogo ya mawe yenye vyumba vitatu. Nianze na sifa, maana inastahili. Katika chumba cha kwanza kuna mfano wa mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake likawa la mkeka. Aliyeuchonga ni fundi kweli kweli. Kijana mwangalizi alinieleza kusi na kaskazi kwa ufasaha hata nikajiona nahodha. Kazi hii si ndogo. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ambamo palikuwa na mtepe wa ukubwa kamili, iliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020. Jumba kubwa likianguka, vijumba kama hiki ndivyo vinavyobaki na kumbukumbu.

Hata hivyo, katika chumba cha pili niliona kitu kilichonikera kidogo. Pembeni, chini ya mlingoti, palikuwa na mzingo wa kamba nene bila karatasi yoyote ya maelezo. Mimi niliitambua mara moja: katani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyosalimika safarini. Lakini kutokana na hiyo, mashamba yalienea Tanga, Muheza hadi Korogwe, na kamba zikafunga meli katika bandari za dunia nzima. Mikono iliyokata mkonge ule ilichomwa na miiba yake. Kila fundo la tanga lilikuwa limeelezwa, ila kamba yenyewe ilikuwa kama imeota pale sakafuni.

Hilo lingesameheka. Lililonigusa zaidi lilikuwa chumba cha tatu, penye kielelezo cha jahazi lililokatwa ubavu ili mtu aone ngama yake. Ndani ilikuwa tupu, imepakwa rangi safi.

"Mwanangu," nikamwuliza kijana, "humu walikuwa wakipakia nini?"

"Boriti, mzee wangu, tende, chumvi, samaki wa ng'onda, karafuu."

"Na watu?"

"Naam, mzee, na abiria pia."

Alijibu kwa adabu, wala simlaumu, alisema alichofundishwa. Lakini neno lile "abiria" lilinikaa kifuani hadi nilipofika nyumbani. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani wao na watoto wao, na wengi wakapakiwa vyomboni na kuuzwa Somalia. Waliotoroka huko walijificha katika misitu ya bonde la mto Juba, wakalima na kuzaliana, na hawakuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia huku, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Nimewahi kumsikia sokoni Handeni mzee mmoja wao akiuliza bei ya mahindi kwa Kizigua. Muuzaji alimjibu bila kuhitaji mkalimani. Karne na nusu na zaidi zilikuwa zimepita, na bado walielewana.

Mtu aweza kusema: habari za utumwa zina mahali pake. Ni kweli. Unguja, pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, pana sanamu za watu waliofungwa minyororo, na kila mgeni hupelekwa kuziona. Lakini hapo ndipo penye kasoro ya makumbusho yetu: huku tunaonyeshwa mnyororo bila chombo, na kule chombo bila mnyororo. Mgeni hulia asubuhi na kustaajabia ufundi jioni, wala hajui kuwa ni habari moja. Kuusifu mtepe na jahazi si kosa, nami nimevisifu. Kosa ni kuisafisha ngama.

Najua fedha ni chache. Lakini ninachoomba hakihitaji mfadhili: karatasi moja juu ya kamba ya katani, na nyingine kwenye ngama, yenye kutaja ile njaa, Juba na Chogo. Kisha waalikwe wanafunzi wa Handeni na Korogwe, ambao huambiwa kuwa bahari haiwahusu.

Wakati wa kuondoka niliombwa kuandika katika kitabu cha wageni. Penye mahali nitokako niliandika Handeni. Penye maoni niliandika kuwa ngama haikuwa tupu, nikamshukuru kijana, nikaenda kulisubiri basi.