Ritifaa ya Ng'ang'a

Simu ililia asubuhi ya siku ya malipo. Aliyepiga alikuwa karani wa ushirika mmoja wa maziwa katikati ya Kenya, mama ambaye kabla ya kompyuta kuletwa alikuwa akiandika daftari la wanachama kwa mkono, miaka nenda miaka rudi. "Kijana wangu," akasema, "taarifa za akina Ng'ang'a hazijatoka, wote watatu. Na ya Wang'ombe pia. Wengine wote wapo."

Programu hiyo niliiandika mwenyewe, kwa lugha ya Python, kwenye laptopu yenye Windows. Nilikuwa nimeijaribu kwa majina ya wanachama wote na ikafanya kazi. Juma lile tukaihamishia kwenye seva ya Linux bila kubadilisha hata herufi moja. Kazi yake ilikuwa ndogo: kuchukua faili ya kila mwanachama kwa namba yake, kuikabidhi kwa programu nyingine inayotengeneza PDF, na kuiagiza programu hiyo iyape matokeo jina la mwanachama. Programu yangu haikutengeneza PDF yenyewe. Ilituma amri kwa mfumo endeshi, kama mzazi anavyomtuma mtoto dukani.

Ufundi wa kutuma amri hauonekani kuwa ufundi. Mtu anauona ni mstari mmoja tu katika skripti yenye mistari mia mbili. Lakini mstari huo ndio mahali ambapo lugha moja inaacha kusema na nyingine inaanza, na kwenye mpaka wa namna hiyo jina la mtu linaweza kuharibika bila yeyote kukusudia.

Nilikaa mbele ya seva nikatafuta. Wang'ombe hakuwepo popote. Lakini akina Ng'ang'a walikuwepo: ndani ya folda mlikuwa na faili tatu zilizoanza na Nganga, bila ritifaa. Hapo nikaelewa.

Kati ya programu yangu na kiini cha mfumo endeshi amekaa mkalimani aitwaye sheli, maana yake gamba, kwa kuwa amekizunguka kiini kama gamba la konokono. Sheli ambayo tabia zake tunazo hadi leo katika jamii ya Unix, Linux ikiwemo, ni ile ya Stephen Bourne, iliyotoka na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Mkalimani huyu hupokea mstari mzima na kuukatakata. Kwake nafasi hutenganisha maneno, kinyota humaanisha faili zote, nukta mkato humaliza amri moja na kuanzisha nyingine. Na ritifaa? Ritifaa hufungua fungu la herufi zisizoguswa, mpaka ritifaa nyingine ije kulifunga.

Sasa mtazame Wang'ombe. Ana ritifaa moja. Sheli ililifungua fungu, ikasubiri lifungwe, mstari ukaisha, ikaikataa amri yote. Ng'ang'a anazo mbili. Ya pili ikaifunga ya kwanza, na kwa kuwa alama hizo kwa sheli zilikuwa zimemaliza kazi, ikazitupa. Hakuna kosa lililotangazwa. PDF ikatengenezwa vizuri kabisa, kwa jina la mtu ambaye si mwanachama, na hatua ya kuchapisha ilipomtafuta Ng'ang'a ikampita. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo linalonitia hofu mpaka leo.

Kwenye Windows, mkalimani wa amri ni mwingine, cmd, na kwake ritifaa ni herufi kama herufi nyingine. Ndiyo maana nilipojaribu kwenye laptopu kila kitu kilikuwa salama. Programu ile ile, mstari ule ule, wasikilizaji wawili tofauti.

Nafasi nilikuwa naiogopa tangu zamani. Majina nilikuwa nimeyaunganisha kwa kistari kwa sababu hiyo. Ritifaa sikuiwazia, mimi niliyefundishwa darasa la kwanza kwamba ng'oa si ngoa. Tiba yangu ya kwanza ilikuwa kulizungushia jina lote ritifaa, moja mbele na moja nyuma. Ng'ang'a akatoka Nganga vile vile, kwa kuwa ritifaa niliyoiongeza mbele ilifungwa na ile ya ndani ya jina. Nikabadilisha nikaweka alama mbili za mtajo. Hizo ziliyabeba majina haya huku na kule, lakini ndani yake alama ya dola bado ina nguvu kwa sheli ya Unix, na alama ya asilimia bado ina nguvu kwa cmd. Nilikuwa naziba tundu moja nikijua liko jingine.

Nakiri pia kwamba nilimwomba karani ayaandike majina bila ritifaa. Alinyamaza kidogo kwenye simu. "Huyo ni Ng'ang'a," akasema. "Nikimwandika Nganga, huyo ni nani?" Alikuwa na haki. Ritifaa katika daftari lake ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe alipotaja jina lake siku ya kujiandikisha, na mama yule aliisikia akaiandika. Haikuwa kazi ya mzee kubadilisha jina ili limfae mkalimani wangu.

Njia ya kweli ilikuwa imekaa wazi muda wote. Kiini cha Unix hakikuwahi kuhitaji mstari mmoja mrefu. Programu inapoanzishwa, kiini hupokea orodha: jina la programu, kisha kila neno peke yake, zima, na nafasi zake na ritifaa zake. Mstari mrefu upo kwa ajili ya binadamu aliyeketi mbele ya kibodi. Mimi nilikuwa na maneno yaliyotenganishwa tayari. Nikayagundisha, nikampa mkalimani ambaye kazi yake ni kukata, nikaomba akate pale pale nilipogundisha. Si busara. Mtoto unayemtuma dukani, mpe kila kitu kwenye mfuko wake.

Walionitangulia walilijua hili. Perl ya Larry Wall, iliyotoka mwaka 1987, humruhusu mwandishi kuitaja amri yake kama orodha, na akifanya hivyo sheli haiguswi. Python ilikuwa na njia kadhaa zilizotawanyika, kila moja na tabia yake, mpaka toleo la 2.4 la mwaka 2004 lilipoleta moduli ya subprocess, kutokana na pendekezo la Peter Åstrand. Humo orodha ndiyo njia ya kawaida, na anayemtaka mkalimani lazima amwite kwa kutamka. Naupenda uamuzi huo. Umeuweka usalama kwenye njia fupi, na hatari kwenye njia inayodai maneno ya ziada.

Upande wa Windows kazi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wanaotunza lugha hizi. Windows hupokea mstari mmoja tu, na kila programu inayoanzishwa huukata yenyewe kwa kanuni zake. Kwa hiyo Python huchukua orodha yangu, huigundisha kwa kufuata kanuni ambazo programu nyingi zilizojengwa kwa C ya Microsoft huzifuata, na upande wa pili orodha hufunguka tena ilivyokuwa. Faili za amri zinazosomwa na cmd zina kanuni nyingine, na tofauti hiyo iliwaponyoka hata mafundi hodari: Aprili 2024 watunzaji wa Rust walilazimika kutoa sahihisho kwa sababu maneno yaliyopelekwa kwa faili za aina hiyo yangeweza kugeuka amri. Lugha nyingine kadhaa zilikuwa na udhaifu huo huo.

Kuna jambo moja la Unix ambalo Mswahili hahitaji kuelezwa mara mbili. Programu ikimaliza hurudisha namba, na sifuri maana yake ni salama. Wageni hushangaa: kwa nini mafanikio yawe sifuri? Sisi tunapoulizwa hujambo, tunaulizwa kama tuna jambo, na tunajibu sijambo. Sifuri ni sijambo. Namba nyingine yoyote inasema jambo lipo, na mara nyingi inasema ni lipi. Sheli za Unix zisipoiona amri uliyoitaja hurudisha 127. Siku ile ya Wang'ombe, sheli ilirudisha namba isiyo sifuri. Ilinijibu. Mimi sikuwa nimeuliza hali. Tangu hapo situmi amri yoyote bila kusubiri salamu yake.

Na kusubiri kwenyewe kuna adabu yake. Programu uliyoituma husema kwa midomo miwili, mmoja wa matokeo na mwingine wa malalamiko, na kila mdomo una bomba lake. Bomba lina kiasi. Kwenye Linux ya siku hizi, kwa kawaida, ni kilobaiti 64. Ukikaa unasikiliza matokeo tu hadi yaishe, na programu ina malalamiko mengi, bomba la pili litajaa, programu itasimama ikingoja ulipunguze, nawe utakuwa umesimama ukingoja matokeo. Wawili hao watangojana hadi umeme ukatike. Fundi husikiliza midomo yote miwili kwa pamoja.

Mara nyingine amri ya kubebeka kuliko zote ni ile ambayo hukuituma. Kunakili faili, Unix ina cp na Windows ina copy, lakini Python inaweza kunakili yenyewe popote. Hata ndani ya Unix majina yanafanana na tabia zinatofautiana: sed ya Linux na sed ya macOS hazikubaliani jinsi ya kuhariri faili papo hapo, na mwaka 2006 Ubuntu ilipobadilisha sheli yake ya mfumo kutoka Bash kwenda Dash, skripti zilizoegemea mazoea ya Bash zilianguka. Mimi huitisha programu ya nje pale tu inapojua kitu ambacho lugha yangu haikijui.

Miezi michache baadaye karani alinipigia tena. Safari hii Ng'ang'a alikuwa ametokea kwenye dirisha jeusi la amri la Windows akiitwa NgÆangÆa. Programu ya kuandikia barua ilikuwa imeipinda ritifaa yake ili ipendeze. Ritifaa iliyopinda, katika usimbaji wa madirisha ya kawaida ya Windows, ni namba ambayo dirisha la amri huisoma kama Æ. Katika usimbaji mwingine, UTF-8, ni baiti tatu. Sikumwambia aache kuitumia. Niliandika wazi, kila panapoingia na kutoka maneno, kwamba tunasema UTF-8, kisha nikaongeza mistari miwili ya kuinyoosha ritifaa kabla ya kulinganisha majina.

Siku ya malipo iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Karani alizipokea taarifa zikiwa bado na joto la printa, akazipitia moja moja kwa ncha ya kalamu. Alipofika kwa Ng'ang'a wa kwanza alitua, akalisoma jina kwa sauti, akaweka alama ya vyema, akafunua karatasi iliyofuata.