Ng'ombe wa Nambambo, Zizi la Mwingine

Minada ya korosho ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ikishapita na wakulima wakalipwa, sehemu ya fedha hiyo huota miguu minne. Mwalimu, nesi au mwenye duka la vipuri hapa Nambambo, Nachingwea, hununua mitamba wawili, mwakani akaongeza watatu. Kisha anagundua kwamba kata ya mjini haina malisho. Ng'ombe lazima alale kwa mtu, na hapo ndipo watu wengi huchagua vibaya, kwa sababu hutazama bei ya mwezi na umbali wa bodaboda tu.

Ujuzi wa kuchagua haujakomaa huku kwa sababu ng'ombe wenyewe si wa siku nyingi. Mbung'o waliifanya Nachingwea na Ruangwa kuwa nchi ya jembe. Wamwera, Wamakua na Wayao walilima, na hawakuwa na sababu ya kujenga mazizi makubwa. Mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951 ulifyeka pori kubwa, maficho ya mbung'o, huko Nachingwea, kisha pori likarudi. Sura ilibadilika baada ya 2006, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu na baadhi yao kuelekezwa mkoa wa Lindi. Sasa kuna mfugaji wa kumkabidhi ng'ombe, ila hakuna mazoea ya makubaliano. Uchagani, kumweka ng'ombe kwa mtu kulikuwa na desturi yake: mtunzaji alipata maziwa na mbolea, na kila upande ulijua haki yake. Hapa kila mmoja hupatana kivyake, mara nyingi kwa simu.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, ya kuwalisha nyumbani, tuimalize haraka. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 anahitaji kilo sita hivi za chakula kikavu kwa siku. Kwa majani mabichi hizo ni kilo 25 au zaidi. Watano ni kilo 125 kila siku ya Mungu, pamoja na ndoo nane hadi kumi za maji wakati wa kiangazi, na ukitegemea bomba la Mbwinji utayaona kwenye bili. Ng'ombe mmoja chotara wa maziwa anaweza kujilipia gharama hizo. Watano wa asili hawawezi.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa: kuwakabidhi kwa mfugaji, Msukuma au Mmang'ati, huko pembeni kwenye nyasi na maji. Ukimuuliza mwenye ng'ombe analipa shilingi ngapi, atakwambia halipi kitu, jamaa anakamua tu. Hilo neno "tu" lina gharama yake. Jike wa asili huzaa takriban kila miezi 18 na hukamuliwa miezi sita au saba, kwa hiyo kati ya majike watano, wawili hivi wana maziwa wakati wowote. Chukua lita moja kwa kila mmoja kwa siku: ni lita 60 kwa mwezi. Weka bei ya lita unayoijua mwenyewe. Mimi nikiweka 1,500 napata 90,000. Hiyo ndiyo kodi unayolipa.

Ningekuwa sina neno kama kodi hiyo ingetoka mfukoni mwako peke yako, lakini inatoka pia tumboni mwa ndama. Ndama wa asili huzaliwa na kilo 20 hivi, na mwezi wa kwanza anataka maziwa ya sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani lita mbili. Mama yake akitoa lita tatu, mkamuaji akachukua moja, mambo ni sawa. Akichukua mbili, ndama anabaki na nusu ya haja yake. Hafi siku hiyo. Anadumaa, anashindwa kuhimili kupe na minyoo, na ukija kumwona ana tumbo kubwa na nywele zilizosimama. Mfugaji hajafanya uovu wowote hapo. Amechukua malipo mliyopatana. Kosa liko kwenye mapatano, yaliyomfanya ashindane na ndama wako kwenye chuchu zilezile.

Ndiyo maana ukienda kukagua zizi usianze na jike anayekamuliwa. Huyo hutazamwa kila asubuhi, hata kwa maslahi ya anayemkamua. Omba uonyeshwe jike mkavu na dume la mwaka mmoja, wasiompa mtunzaji chochote. Mvute ukope wa chini: utando ukiwa mweupe badala ya waridi, damu imepungua, na kwa nchi hii mshukiwa wa kwanza ni ndorobo, maradhi ya mbung'o. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zilizovimba pamoja na homa huashiria ndigana kali, inayoletwa na kupe na isiyosubiri wewe upate nafasi Jumapili.

Kisha uliza dawa. Kwa ndorobo, pakiti ndogo ya diminazini yenye gramu 2.36 hutengenezwa kwa ajili ya uzito wa kilo 300, yaani ng'ombe mmoja mkubwa. Mtunzaji anayenunua dawa kwa fedha yake, kwa mnyama asiye wake, ana kila sababu ya kuigawa kwa wawili. Vimelea vinapungua, havifi vyote, na baadaye dawa hiyo inaanza kugoma. Kwa hiyo dawa inunuliwe na mwenye ng'ombe, na pakiti tupu zihifadhiwe zihesabiwe. Hapo hapo uliza kuhusu kuogesha. Mtu anayekujibu kwa kutaja siku ya wiki anaogesha. Anayekujibu "tunaogesha sana" mwache.

Mahali pa zizi pana hesabu yake ya pekee huku. Usukumani, mahindi yakishavunwa ng'ombe huingia kula mabua. Nachingwea na Ruangwa shamba halibaki tupu hivyo. Mahindi yakitoka, mbaazi bado zimesimama. Mbaazi zikitoka, mikorosho ina maua, kisha mabibo yanaanza kuanguka, na ng'ombe anayafuata. Majani ya chini ya mikorosho iliyopulizwa salfa nayo si malisho ya kumtegemea. Zizi lililo karibu na barabara, rahisi kwako kulifikia, mara nyingi ndilo lililozungukwa na mashamba. Ng'ombe wako wakikamatwa kwenye mbaazi za mtu, fidia analipa nani? Kama hamkuandika, utalipa wewe, kwa kuwa ndiye mwenye mshahara.

Njia ya tatu ni watu kuungana. Tuseme sita wenye ng'ombe watano kila mmoja, jumla 30, wanaajiri mchungaji wa 150,000 kwa mwezi na chakula cha 60,000. Ni 7,000 kwa kichwa. Ongeza 3,000 za dawa, unafika 10,000, yaani 50,000 kwa watano wako. Ni chini ya ile 90,000 ya "bure", na maziwa yanabaki yenu. Tatizo ni jicho. Kijana wa kuajiriwa hamwoni ng'ombe aliyebaki nyuma ya kundi jinsi mtoto wa mfugaji anavyomwona, na ndigana kali huhitaji dawa ikiwa bado changa.

Kwa hiyo mimi ningebaki na mfugaji, ila ningebadili malipo. Apate fedha taslimu kwa kila kichwa, awe mkavu au mwenye maziwa. Asikamue miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo akamue asubuhi tu. Na katika kila ndama wanne wanaofikia kuachishwa ziwa, mmoja awe wake. Kwa mpango huo ndama akifa naye amepoteza.

Haya yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, yakitaja namba ya hereni ya kila mnyama. Akifa mmoja, hereni na ngozi vikabidhiwe, picha ya simu haitoshi. Na muda wa kuhama utajwe: taarifa ya mwezi mmoja, kibali cha afisa mifugo mkononi, na kundi litoke kabla mvua za Desemba hazijaharibu njia na wakulima hawajapanda.