Mtu ni Afya: kitabu kilichochimba vyoo

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma. Miaka sita baadaye, 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanza kuwafundisha watu haohao habari za afya, tena kwa kutumia kitabu. Kampeni ya Mtu ni Afya ilidumu wiki 12 na ikawafikia watu wapatao milioni 2. Vyoo vilivyochimbwa vijijini vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kampeni hii ikikumbukwa, sifa huenda kwa redio, na redio inastahili. Lakini uandishi wake nao una mengi ya kumfundisha yeyote anayeandikia umma, na hausemwi vya kutosha.

Waandishi walijua kwanza nani angekishika kitabu kile, na angekishika akiwa wapi. Msomaji wao hakuwa peke yake. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi cha redio, kisha anayejua kusoma akawasomea wenzake somo hilohilo. Wakajadili, halafu wakaamua la kufanya kabla ya kutawanyika. Maandishi kama hayo huandikiwa masikio. Mtu aliyehitimu kisomo juzi, akisoma kwa sauti mbele ya majirani, hawezi kubeba sentensi yenye vishazi vitatu. Atakwama katikati, na wanaomsikiliza watakwama naye.

Tuchukue safura, mojawapo ya maradhi yaliyofundishwa. Mfano huu ni wangu, wa kuonyesha kazi yenyewe ilivyo. Mtaalamu anaweza kuandika: “Maambukizi ya minyoo ya safura yanaweza kudhibitiwa kwa uboreshaji wa usafi wa mazingira ya kaya.” Kitaalamu ni sahihi, ila hakuna mtu ndani yake. Sasa tuandike hivi: “Mwenye safura akijisaidia kichakani, mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Mayai hayo huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu. Ukipita hapo pekupeku, minyoo michanga hupenya ngozi ya mguu wako. Ikifika tumboni hunyonya damu.”

Maneno yameongezeka, na wepesi umeongezeka pia. Kila sentensi inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia, kwa hiyo aliyepitwa na moja anaidaka inayofuata. Kubwa zaidi ni kwamba msikilizaji anaiona njia ya ugonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na anaona mwenyewe pa kuikatia. Neno choo halijatajwa, lakini kikundi kimeshalifikia. Wakikubaliana kuchimba, wamekubaliana kwa akili zao, na jirani aliyesema “nitachimba” mbele ya wenzake hawezi kulala nalo kirahisi.

Hapo ndipo vipeperushi vingi vya leo vinaponisikitisha. “Zingatia kanuni za afya.” Kanuni zipi, na nianze na ipi kesho asubuhi? Aliyeandika ametimiza wajibu wake kwa ofisi iliyomtuma, na mwananchi amerudi nyumbani mikono mitupu.

Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, walipewa mafunzo kabla ya kampeni. Hawakutakiwa kuwa mabwana afya. Kazi yao ilikuwa kuendesha mazungumzo, na maandishi yaliwaachia nafasi ya kuyaendesha. Kitabu kinachojibu kila kitu hukinyima kikundi cha kuzungumza.

Tena, mambo waliyohimizwa kuyafanya yalikuwa ndani ya uwezo wao: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi zinazozunguka nyumba, kuchimba choo. Jembe lilikuwapo, udongo ulikuwapo, na nguvu za kijiji zilikuwapo. Ushauri unaodai fedha ambazo msomaji hana unamwachia aibu tu, hata uandikwe kwa ufasaha namna gani.

Kuchemsha maji ya kunywa ni jambo la namna nyingine. Choo huchimbwa mara moja na kila apitaye akakiona. Maji hudai kuni kila siku, na mzigo wa kuni humwangukia mama, ambaye huenda hakuwa na nafasi ya kukaa kikundini jioni ile. Somo la kumfaa yeye lingepaswa kuanza na kuni, kisha ndipo lije kwenye vijidudu.