Duara Linaloelea Baharini: Kuhusu Ramani za Vituo vya Afya



Naomba nitoe ya moyoni kuhusu ramani za kompyuta. Mwaka 2019 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Nairobi, na wenzao walichapisha orodha ya vituo 98,745 vya afya ya umma katika nchi na visiwa 50 kusini mwa Sahara. Kazi kubwa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi sisi watumiaji tunavyoimwaga data ya namna ile kwenye skrini.

Ukiweka nukta zote kama zilivyo, Afrika Mashariki nzima inageuka doa moja. Basi kila mtu anakimbilia dawa ileile: nukta zilizo karibu zinakusanywa ndani ya duara lenye namba, na ukivuta ramani karibu duara linapasuka. Wanaotumia Leaflet (programu ya 2011) wanabandika kiongezi cha kukusanya nukta, mambo yamekwisha. Lakini "karibu" maana yake nini jamani? Kwa kiongezi kile, usipobadilisha kitu, ni pikseli 80. Si kilomita, si mwendo wa miguu, wala si nauli.

Tupige hesabu. Katika ngazi ya 8 ya ukuzaji, huko kwetu karibu na ikweta, pikseli moja ni kama mita 610. Pikseli 80 ni karibu kilomita 49. Mji Mkongwe hadi Bagamoyo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 45. Kwa hiyo kituo cha Unguja na cha Bagamoyo vinaweza kutiwa kapu moja, na duara likawekwa kwenye wastani wao, yaani katikati ya mkondo wa bahari. Zahanati ya pweza hiyo! Mgonjwa wa huku hawezi kuvuka kwenda kule kwa sababu tu skrini ni ndogo.

Hapa Saint-Gilles, eneo la kilomita za mraba 2.5 tu, ukiwa ngazi ya 15 pikseli 80 ni mita 240 hivi. Duara likikosea, unakata kona mbili umefika. Ila hata hapa reli za Gare du Midi zinatutenga na Anderlecht, na duara halijui reli.

Wengine husema: ukiwa mbali onyesha hospitali tu, zahanati zitokee baadaye. Hapana bwana. Zahanati ndipo mwanakijiji anapoanzia. Ukiificha, wilaya yenye zahanati tupu inaonekana haina kitu kabisa.

Mimi ningependa mbali tupake rangi kwa wilaya, kwa idadi ya watu kwa kila kituo, na bahari iwe mpaka. Tukikaribia, nukta ndogo zinazopitisha mwanga. Karibu kabisa, jina na aina ya kituo. Najua gharama yake: wilaya pana hujaza jicho hata ikiwa na watu wachache, na mipaka yenyewe haitulii (Songwe ilimegwa kutoka Mbeya 2016, ramani ngapi zilibaki nyuma?). Hata hivyo mpaka uliopitwa na wakati unaweza kurekebishwa. Wastani wa baharini haurekebishiki, kwa sababu programu imefanya kama ilivyoagizwa.

Wenye uzoefu wa Lamu au Ukerewe, ambako maji yako kila upande, ninyi mmefanyaje?